Kopo la Mama na Fungu Lako

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya kiwanda cha nyuzi.
Jumapili mchana, wiki ya mwisho ya likizo ndefu.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Mgongo unaendeleaje? Barua yako ya mwisho ilisema hotelini wamekupa kiti cha kukalia unapokunja mashuka, nikafurahi, maana mtu hawezi kusimama miaka saba kama nguzo ya umeme. Shemeji naye, kikohozi kimemwachia? Na binti yenu bado anakataa maziwa? Mwambie mama yake mdogo naye aliyakataa, na ndiyo maana mpaka leo anapanda kigoda kufikia kabati.

Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mimi miguu imevimba kidogo kwa kusimama mbele ya oveni, lakini hilo si la kumwita daktari. Mama anakula, analala, anatembea mpaka getini na kurudi. Mwili wake hauna neno. Kichwa ndicho kinachomtupa, na hicho ndicho kilichonifanya nikae niandike badala ya kupiga simu. Dada, nakuomba uje nyumbani. Si mwakani, ni sasa, kabla hajakusahau. Nimeliandika hapa juu mapema kwa sababu unanijua, nikiachiwa nafasi nitajificha nyuma ya habari za keki mpaka karatasi iishe.

Sasa nikupe habari za keki.

Joto la mwaka huu halina adabu. Siagi inayeyuka kabla sijaifungua karatasi yake. Naamka alfajiri ili nioke jua likiwa bado limelala, na ikifika saa nne asubuhi jiko zima limekuwa oveni nami nimo ndani yake. Kile kitufe cha kupandisha na kushusha moto kilikufa tangu mwezi wa tatu. Natia mkono ndani na kuhesabu: nikiuvuta kwenye nne, moto ni wa mkate, nikivumilia mpaka saba, ni wa keki. Fundi wa oveni amekuja mara mbili. Mara zote mbili alikula vipande vitatu, akaitazama oveni kwa huruma kama aliyekuja kumwona mgonjwa, akaenda zake.

Na watu wa mtaa huu, sijui walikubaliana wapi, wote watoto wao wamezaliwa miezi ya likizo. Wiki moja nilioka keki tisa. Kinyozi wa pale kona alitaka ya umbo la mkasi kwa ajili ya mwanawe. Nilijitahidi, Dada, lakini ilipokamilika ilikuwa mguu wa kuku mtupu, na mtoto akaipenda hivyohivyo kwa sababu anapenda kuku. Mwalimu mstaafu, yule aliyekufundisha hesabu, aliagiza biskuti zisizo na sukari kwa amri ya daktari, kisha akanirudishia kopo akilalamika kwamba hazina utamu. Nilitamani kumchapa mwiko. Nikamwomba radhi, nikampa andazi moja la kificho, akaondoka ametulia.

Unacheka, najua. Mimi pia zamani ningecheka. Siku hizi mtu akinigongea mlango na kusema anataka keki, kitu cha kwanza ninachofikiria ni vyombo vitakavyobaki kuoshwa.

Kopo la Mama bado lipo, lile la biskuti, la bluu, lenye kifuniko kilichobonyea. Liko palepale juu ya kabati. Nakukumbusha kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Wakati Baba anaendesha lori, Mama hakuruhusu mtu aguse trei kabla ya kukata kipande cha kwanza, kukifunga kwenye karatasi na kukiweka koponi. Fungu la aliye mbali, ndivyo alivyosema. Baba akirudi alikuta mkate mgumu kama tofali akaula wote akisifu. Baba alipotutoka tukadhani kopo nalo litapumzika. Ukaondoka wewe, nalo likarudi kazini.

Miaka saba, Dada. Kila ninachotoa motoni, hata mkate ulioungua, Mama anakata cha kwanza kwa ajili yako. Nikioka tena natoa cha zamani naye anatia kipya. Cha zamani wanakula kuku wa jirani yetu, fundi cherehani. Kuku wale wamenona kwa ajili yako, hawawezi tena kuruka ua.

Nitakwambia jambo ambalo sijapata kulisema. Nilikuonea wivu kwa ajili ya kopo lile. Mimi ndiye ninayechunga unga, ninayepiga mayai, ninayebeba trei na kuungua vidole, na sikuwahi kuwekewa fungu hata siku moja, kwa sababu niko hapahapa. Kuna siku nilimwambia Mama kwa mzaha kwamba na mimi nitahamia ng'ambo ya barabara ili nikumbukwe. Hakucheka. Alinipa sufuria nikaioshe.

Jingine ni hili, na nisamehe. Unakumbuka ulivyokuwa ukipiga simu mwaka jana, Mama anakuita Chiriku, anakuuliza kama bado unakula kwa haraka? Ulikuwa ukiniambia baadaye, sauti yako imejaa furaha, kwamba Mama yuko vizuri na hakuna haraka ya kuja. Nilikuwa nimekaa kando yake. Nilikuwa namnong'oneza. Chiriku nimemtajia mimi. Kula kwa haraka nimemtajia mimi. Yeye alirudia tu kama mtoto anayefundishwa salamu. Na zile nyakati alizonyamaza ukadhani ni mtandao, haukuwa mtandao. Nilifanya hivyo usije ukalia peke yako huko ugenini. Sasa naona nilikunyima sababu ya kuja.

Basi nikusimulie safari yangu ya harusini, maana safari ndiyo iliyofichua mambo.

Mtoto wa mama mdogo ameoa. Mama mdogo alikataa katakata keki ya dukani, akataka ya kwangu, ya ghorofa tatu, na mimi kwa ujinga wangu nikakubali. Muda wa saa tisa ndani ya treni, Dada. Ghorofa ya chini na ya kati ziko kwenye maboksi chini ya kiti, ya juu nimeipakata kama kichanga. Mkagua tiketi akataka afunguliwe aone ni nini. Nikamwambia akifungua tu joto litaingia, na krimu ikiyeyuka atakwenda yeye harusini kujieleza kwa bibi harusi. Alinitazama usoni, akaona sina utani, akapita. Mama mmoja aliyekaa mkabala nami alikuwa akipepea boksi kwa gazeti lake njia nzima, wala hatukuambiana majina.

Ghorofa ya kati ilifika imedidimia upande mmoja. Niliijaza krimu, nikaigeuza upande ule ukutani, na kwenye picha zote imetoka imenyooka. Watu walisifu mpaka nikaona haya. Mimi nilikuwa nimesinzia kwenye kiti na sahani mapajani. Ipo picha hiyo pia, naambiwa nimeachama mdomo wazi.

Siku mbili baada ya harusi mama mdogo hakuniruhusu kushika hata kijiko. Nililala mchana. Nilikula mkate uliookwa na mtu mwingine, ulikuwa na chumvi nyingi na sijawahi kuonja kitu kitamu kama hicho. Asubuhi ya mwisho nilikaa barazani nikasikia machozi yanatoka yenyewe, hakuna aliyenikosea, hakuna kilichotokea. Mama mdogo akaja akakaa kando yangu akichambua mchele, hakuuliza. Nimechoka, Dada. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Ni ule unaoamka nao na kuvaa nao nguo.

Mama nilikuwa nimemwachia fundi cherehani. Alihamishia cherehani yake sebuleni kwetu, akashona huku akimwangalia, na kwa kuwa nyumba yetu haiwezi kukaa bila harufu ya kuoka, kila asubuhi akatia mkate mmoja motoni. Hajui kuhesabu kwa mkono, kwa hiyo mikate ilitoka nusu imeungua nusu mbichi. Walikula hivyohivyo.

Nilirudi siku ya tano, nikaweka mizigo, nikashusha kopo nitoe cha zamani kama kawaida. Ndani kulikuwa na karatasi nne, zimekunjwa vizuri, kila moja na kipande cha mkate wa fundi cherehani. Nikamwuliza Mama vya nani. Akasema ni vya mwanawe aliyesafiri. Nikamwuliza yupi. Akaniambia, uso kwa uso, akinishangaa kwa kutojua:

"Yule anayeoka."

Ni mimi, Dada. Siku nne nilizokuwa mbali, aliniwekea mafungu manne. Nilikaa chini sakafuni na kopo mapajani, nikala kile kilichokauka kuliko vyote, na nilikuwa na furaha ambayo naona aibu kuiandika. Sikuelewa kwamba ananieleza habari zangu mwenyewe bila kujua anaongea nami. Hilo lilinijia baadaye, nikiwa nafuta makombo. Kisha likanijia la pili, kwamba siku zote hizo nne hakukuwekea wewe hata kimoja. Nilimwuliza fundi cherehani, akasema hakusikia jina lako likitajwa.

Nikajikaza. Nikasema labda ni kwa sababu fundi cherehani hakumkumbusha, labda mkate mbaya ule aliuonea haya kukuwekea. Unajua nilivyo hodari wa kutafuta visingizio. Kesho yake nikaoka keki ile unayoipenda, ya maganda ya chungwa, nikauvumilia moto mpaka saba, nikaisubiri ipoe. Nikaiweka mezani mbele ya Mama pamoja na kisu na karatasi, na sikusema neno.

Alikata kipande cha kwanza. Mkono wake haujasahau, anakata sawasawa na zamani, anaanzia katikati. Akakitia kwenye karatasi. Kisha akabaki amekishika, anatazama kabati, anatazama mlango, anatazama kabati tena. Nilitaka kumnong'oneza. Chiriku lilikuwa mdomoni kabisa. Nikauma ulimi, nikasema leo hapana, leo nitajua ukweli.

Akakifungua akakila. Tangu nizaliwe sijamwona Mama akila kipande cha kwanza. Alikula taratibu mpaka makombo, akajifuta vidole, akanitazama kwa upole uleule anaowapa watu wanaokuja kununua.

"Keki nzuri hii, binti," akasema. "Mkatie na mama yako."

Nikakata. Nikafunga kwenye karatasi mbele yake, akaitikia kwa kichwa kwamba nimefanya vyema.

Sikuandikii ili nikusute. Najua kazi haikuachii, najua Shemeji alikuwa kitandani, najua nauli si mchezo na mtoto ana shule. Najua pia nimekudanganya kwenye simu mwaka mzima. Lakini ukija hata wiki mbili, mimi nitalala, na wewe utakaa naye asubuhi pale mezani. Huenda asikuite jina. Mpe kisu na karatasi tu, umwone anavyokata. Huo mkono bado ni wa Mama yetu, na sijui utakaa mpaka lini.

Msalimie sana Shemeji, mwambie dawa ya kikohozi ni kuacha kubishana na madaktari. Mbusu binti yenu kwenye shavu lile lenye kishimo. Mama mdogo anakusalimu na anakuuliza kwa nini hukupeleka hata picha harusini. Fundi cherehani anakusalimu, na kuku wake wanakusalimu kuliko yeye. Mungu akupe afya, akupe ruhusa kazini, na akufungulie njia mpaka mlango wa kijani.

Kopo nimelirudisha juu ya kabati. Siku hizi nakata mimi, kipande cha kwanza na cha pili. Kimoja ni chako. Kingine ni cha mama yangu, kama nilivyoagizwa.

Ni mimi nikupendaye hata nikinuna,
mdogo wako,
Yule Anayeoka.