Kilio kwenye tangazo la uji

Nkoaranga, Alhamisi

Kichwa bado kinaniwasha pale waliponivalisha ile kofia ya nyaya. Mjukuu wangu Ndeshi, anayetengeneza matangazo huko Sekei, alitaka kuona ubongo wangu unashtuka wapi nikitazama tangazo la unga wa uji.

"Bibi, mtoto wa kwenye tangazo alipolia, ubongo wako uliruka! Tutaanzia hapo hapo, akina mama hawatageuza macho."

Nikamwambia, "Mimi nimezika mtoto, wewe! Unataka kuuza uji kwa kututonesha kidonda? Ukilirusha hilo, shikamoo yako siipokei."

Ameondoka na ndizi nilizomfungia.

Neno langu silirudishi. Ila Jumapili huwa anakula kwangu. Nitapika cha watu wawili, nione.