Masaa Tisa ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Tiketi imeingia kwenye simu yangu. Mdogo wangu aliyeko ng'ambo amemkatia Mama. Kilomita elfu sita na mia nane, masaa tisa hewani bila kutua popote. Akae miezi mitatu! Mama kaninyang'anya simu, kakibusu kioo. Kwangu ni dakika ishirini kwa miguu, na kwa miaka minne hajalala hata siku moja. Ngazi, anasema. Magoti, anasema. Leo magoti hayakutajwa.

Jumatano, 5 Machi

Watu wa ndege wanataka barua ya daktari, kwa sababu ya presha yake. Daktari kasema tumjaribu kwanza: akae kitini masaa hayo hayo, mimi niangalie kama miguu inavimba. Mimi, nani tena? Dawa mimi, foleni mimi, kumkata kucha mimi. Mdogo wangu kazi yake kupendwa.

Kazini nimeshona mfuko wa suruali ya mteja juu chini. Nimefumua.

Jumamosi, 8 Machi

Safari ya sebuleni! Mama ameanza saa mbili asubuhi, mkoba mapajani, mkanda wa gauni kiunoni eti ndio mkanda wa ndege. Mimi mhudumu. Kila saa anauliza tumefika wapi. Nikamwambia bado tuko juu ya bahari, asifungue dirisha. Tumecheka mpaka machozi — halafu nikakumbuka anakwenda kwa nani. Kicheko kikaniisha.

Kainuka mara mbili tu, chooni. Hakulalamika. Kwangu nusu saa haijaisha anatafuta viatu.

Saa kumi na moja jioni "ametua", kajipigia makofi. Nimemvua soksi, nimebonyeza kwa kidole. Miguu mikavu, myembamba, haina kitu! Basi niseme ukweli: naona wivu. Mtu mzima, miaka hamsini na mbili, namwonea wivu mtoto niliyembeba mgongoni.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari hakumuuliza Mama. Kaniuliza mimi: ilivimba?

Nikasema ilivimba.

Sana? Sana, mpaka vifundoni. Sijui hata ulimi uliyatoa wapi. Basi, barua hakuna. Safari iahirishwe, turudi baada ya mwezi. Mama alikuwa pale pale, mkoba mkononi. Hakusema neno. Afadhali angenigombeza!

Tulipofika kwake akampigia mdogo wangu, simu kaiweka sauti ya wazi. Mdogo wangu analia. Anasema siku zote miguu ya Mama haina shida, anauliza, imevimbaje leo? Mama kamjibu imevimba, dada yako ameiona kwa macho yake, usimsumbue.

Akakata. Akanitazama.

"Haya mwanangu, uongo wako nimeubeba. Sasa niambie, unataka nini?"

Nikasema ngoja nikaweke chai. Maji yamechemka zamani. Nimekaa juu ya ndoo huku jikoni, naandika. Ninachotaka nakijua. Kukitamka ndio kazi — nitaanzaje, kama mtoto wa miaka sita?

Haniiti. Nasikia tu anavuta kiti kingine, anakisogeza karibu na chake.