Nguzo ya Uzi wa Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Daftari, hujambo? Sijui wenzangu huanzaje kwenye vitu hivi. Mimi nimezoea barua, na barua haiendi bila salamu. Basi sisi hapa hatujambo. Baba Watoto hajambo, goti tu linamsumbua akipanda ngazi. Mama mkwe hajambo, anakula, anagomba, yaani mzima kabisa. Kitindamimba wangu hajambo, kapoteza kiatu. Kimoja tu! Kifungua mimba wangu naye hajambo, yuko kwa mumewe, tumbo limeshuka, wiki hii au ijayo. Atajifungulia hospitali hii hii ninayofulia. Uzazi wa kwanza. Mimi mwenyewe sijambo, ila moyo uko juu juu.

Naandika kwa sababu ya nilichokiona leo. Nisipoandika nitapasuka.

Alikuja dada wa kompyuta, chumba cha kufulia. Miwani mikubwa kama visosi — jina tumeshampa, Miwani. Akaweka kompyuta yake juu ya meza ya pasi. Mama, njoo uone kazi yako. Kazi yangu! Zile fomu ninazojaza kila siku, wadi gani, mashuka mangapi, foronya ngapi, mablanketi mangapi — miaka tisa naziona zinaondoka, nikidhani wanafungia karanga. Kumbe!

Nguzo. Nguzo za rangi zimesimama kwa makundi kwenye kioo, urefu wa kila moja ni hesabu yangu. Kila wadi na kundi lake: ya mashuka, ya foronya, ya mablanketi. Wadi ya Watoto imewapita wote kwa mashuka. Nikasema, si wanakojoa! Na pembeni viboksi vidogo, anaviita vichujio. Akabonyeza Februari — nguzo zote zikapanda na kushuka, mimi nikaruka nyuma. Akabonyeza Wazazi — wadi nyingine zote zikatoweka, Wazazi ikabaki peke yake uwanjani. Umezifuta? Hapana mama, nimezichuja tu. Akabonyeza tena, hao, wamerudi wote!

Mama Mvuke, mwenzangu wa mashine ya pasi, akasema huyu binti ana majini. Miwani alicheka mpaka akavua miwani.

Nimeangalia mikono yangu. Imepauka kwa sabuni. Ndiyo iliyojenga zile nguzo?

Jumatano, 5 Machi

Miwani kaniacha nibonyeze mwenyewe.  Darasa la nne niliishia mimi, lakini nguzo zinanitii!

Nikamwuliza, vyumba viko wapi? Vyumba gani, mama? Wazazi ina vyumba vitatu. Nikamwonyesha pembe ya shuka: uzi mwekundu chumba cha kwanza, wa njano cha pili, wa kijani cha tatu. Nilishona mwenyewe mwaka ule manesi walipogombania mashuka kama wake wenza. Ndiyo maana kwenye daftari langu la kazi nahesabu kwa rangi, nisirudishe ya huku kule. Halafu jioni najumlisha, naandika jumla moja kwenye fomu. Fomu ina kiboksi kimoja, ningefanyaje? Nilidhani nawasaidia.

Miwani akaishika ile pembe. Akasema kompyuta haichuji kilichokwisha kujumlishwa. Ukishakoroga sukari kwenye chai, chujio litakutolea majani, sukari haitoki.

Nimeumia. Miaka tisa nakoroga.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempa daftari la kazi. La mwaka huu tu, ya zamani Mama Mvuke aliwashia jiko. Kifungua mimba kapiga simu, miguu imevimba. Nimemwambia ainyanyue ukutani. Kasema mama, kila siku ukutani, nitageuka picha.

Jumatatu, 10 Machi

Naanzaje?

Miwani amenirudishia daftari la kazi, ameingiza vyumba, wiki kwa wiki tangu mwaka uanze. Kwanza akanionyesha Wazazi kwa jumla. Nguzo ziko sawa, kama zimekatwa kwa rula. Mashuka mia na ishirini kwa wiki, mia na ishirini na mbili, mia na kumi na tisa. Wadi imetulia. Haya mama, bonyeza hapa, tugawe kwa chumba.

Nikabonyeza.

Nyekundu ikashuka. Njano ikashuka. Na kijani — kijani inapanda kama ngazi! Wiki ya kwanza arobaini, wiki ya tisa sabini na mbili. Vitanda sita sita kila chumba, sawasawa. Wajawazito wamepungua, vyumba viwili vimepumua, cha tatu kimebeba mzigo wote, na mimi nikijumlisha kila jioni nikiufunika kwa mkono wangu. Nilisimama mdomo wazi. Uzuri wake! Rangi tatu tu, na jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelisema. Niliogopa kama mtu aliyeona uso dirishani.

Mama Mvuke akaja, akatazama, hakutania. Akasema, yale yenye jasho. Mimi na yeye tunajua mashuka kama daktari anavyojua ulimi. Shuka la mzazi lina damu, hiyo ni haki yake. Haya ya kijani yanakuja yameloa mpaka kwenye pindo. Jasho la homa. Tumeyafua wiki ngapi tukisema joto la Februari!

Na mwanangu anakwenda kulala pale. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Jumanne, 11 Machi

Tumekwenda kwa Sista Mkuu wa Wazazi, mimi na Miwani. Nilivaa gauni la kutokea. Sista hakutukaribisha viti. Akasema, Mama Sabuni, tangu lini ndoo ikapima homa?  Akasema chumba cha tatu wanalala waliopasuliwa, lazima wachafue zaidi, hata mtoto anajua.

Sijui ulimi niliutoa wapi. Nikasema, shikamoo yako ipo palepale Sista, lakini waliopasuliwa walikuwepo na Januari.

Miwani akabonyeza Januari. Nguzo ya kijani ikajikunja, fupi, sawa na wenzake. Akabonyeza Machi. Ikainuka.

Sista akaitazama. Akasema rudia. Ikarudiwa. Akavuta kiti akakaa yeye. Nitaangalia, akasema, kwa sauti ya chini. Hakuniita Sabuni tena. Kaniita mama.

Nimempigia mwanangu, nikamwambia ukifika wadini sema chumba cha kwanza au cha pili. Akasema mama, ile ni hospitali, si gesti.

Jumatano, 12 Machi

Uchungu umeanza asubuhi. Mumewe kampeleka. Mimi niko kwenye mashine, nimefua mzigo mmoja mara mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Mkwe kapiga saa mbili asubuhi. Ni msichana! Kilo tatu na robo! Nimepiga vigelegele mpaka fundi bomba kaja mbio. Kisha akasema, ila mama, wamempasua. Nikauliza kalazwa chumba gani. Akasema yeye yuko nje getini, hawaruhusu mtu kuingia mpaka saa sita.

Waliopasuliwa.

Nilipanda Wazazi na aproni yangu ya maji, nesi wa mlangoni akanigeuza, nguo za kufulia haziingii. Nikarudi. Magunia yalikuwa yamefika. Nikafungua. Uzi wa kijani, wa kijani, wa kijani — mpaka yale niliyowapelekea jana, hayajalaliwa, yana mikunjo ya pasi! Na mapazia. Sista ameangalia kweli, wamekikomba chumba cha tatu chote. Tangu lini, sijui. Mwanangu alitoka chumba cha upasuaji kabla au baada, sijui. Mama Mvuke anasema kaa chini.

Sasa hivi daktari ameingia hapa kwa miguu yake, na Sista Mkuu nyuma. Miaka tisa hajawahi kuingia daktari. Ameomba daftari la kazi. Anasoma amesimama, kurasa zimelowa, anafuata mistari yangu kwa kidole.  Siwezi kumuuliza, nimeshika simu chini ya aproni. Nimeandika, nimetuma, nanakili hapa nisichanganyikiwe:

Mwanangu hongera sana. Mbusu mjukuu. Najua una maumivu, usipige simu, usieleze chochote. Angalia pembe ya shuka ulilolalia, uniandikie rangi ya uzi tu. Neno moja. Upesi mama, upesi, nangoja.