Nani ameshika ngazi?

Shosti, acha unachofanya usome. Nimeumbuka!

Si unakijua kile chumba cha gari-nyumba letu kinachosukumwa nje ubavuni? Paa lake lilijaa majani. Ukikirudisha ndani hivyo hivyo, majani yanachana mpira wa pembeni na mvua inaingia. Nikapanda kufagia. Marehemu mume wangu hakuwahi kupanda, kazi yake ilikuwa kushika ngazi na kubishana.

Nimeshafagia na kuosha, napaka mpira mafuta, mguu ukateleza. Maneno yakanitoka: "Shika vizuri, we mzee!"

Chini sauti ikajibu: "Nimeshika, mama."

NIMESHIKA! Shosti, unajua nilidhani nani.

Kumbe ni mlinzi wa hapa tunapoegesha. Nikamwambia samahani, nilikuwa naongea peke yangu. Akasema, "Najua, mama. Hata mara ile ulisema hivyo, nikaja nikashika. Ulipotaka kushuka nikaondoka, nisikuaibishe."

Mara ile!

Ni ile siku niliyokupigia nikilia, nikakuapia kwamba ngazi ilitulia yenyewe, kwamba ni yeye.

Usinipigie kwanza. Nilikuwa nimeshazoea kwamba yupo.