Fasi ya Matanga kwa Nyumba ya Étage

Kisangani, Commune ya Makiso
Tarehe 16 Novemba 2024

Mpendwa mutoto wangu Rachida,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kama mvua ya hapa. Habari ya Lubumbashi? Bwana yako Yunus, kile kikohozi kimemuacha? Na mujukuu wangu Ismaël, analala vizuri? Mimi niko muzima, namushukuru Mungu. Magoti tu ndiyo inanisumbua siku nikipandisha bidon ya maji kwa ngazi.

Picha ulizotuma kwa telefone ya kaka yako Yakubu nimeziona. Mutoto amenenepa, amevaa vizuri. Lakini Rachida, kila picha mutoto iko kwa mugongo ya belle-mère wako, mama ya Yunus. Ya kwanza mugongo yake, ya pili mugongo yake, ile ya sikukuu pia mugongo yake. Huko kwenu hakuna kiti? Hakuna mukeka? Nisikufiche, nilimurudishia Yakubu telefone yake, na chai yangu sikumaliza.

Bon. Unajua ni juu ya hiyo ninauzisha hii appartement yetu ya huku juu, étage ya pili. Vyumba viwili marehemu baba yako alituachia, nikiviuzisha nipate kanyumba karibu na yako, na mimi nimuogeshe mujukuu wangu. Tangu Ramadani iishe ninangoja mununuzi. Hakuna.

Si kusema wateja hawaji. Yannick, yule commissionnaire wa kutafutia watu nyumba, anawaleta. Wanapanda, wanahema, wanasifu balcon, wanaangalia mto. Kisha wanauliza ile swali moja: "Mama, hapa mutu akikufa, matanga itafanyika wapi?" Unawajua watu wa hapa. Hakuna anayenunua nyumba bila kuona fasi ya kupanga viti vya waliaji na ya kufunga bâche mvua isiwapige. Papa mumoja alinicheka kabisa: "Tutalilia kwa ngazi, mama? Huyu juu, huyu chini, kama kuku?" Akateremka angali anacheka, na mimi nikabaki na glasi ya maji niliyomuwekea.

Kila mutu ana shauri lake. Yannick alisema nipunguze bei. Nikapunguza, sasa watu wanafikiri nyumba iko na ugonjwa. Yakubu anasema nipangishe tu, nichukue garantie, zile pesa mupangaji anaweka mbele ya kuingia, niende. Papa mwingine wa Ubundu alitaka tubadilishane, achukue vyumba vyangu na mimi nichukue parcelle yake ya ardhi karibu na gare ya treni. Nilimuambia: papa, mujukuu wangu iko Lubumbashi, Ubundu niende kubeba samaki kwa mugongo?

Sasa sikia ile iliniumiza. Mama Benie, jirani yetu wa chini, ameuzisha ya kwake! Vyumba viwili kama vyangu, giza hata saa sita ya muchana, harufu ya mufereji inaingia mpaka kwa kitanda. Alianza nyuma yangu, akamaliza mbele yangu. Akapita na kitenge mupya, akaniita toka chini watu wote wasikie: "Mama Rachida, wewe bado uko huko juu na ndege?" Nilicheka na meno tu. Pondu, majani ya muhogo niliyopika siku hiyo, niliiona chungu, na chumvi niliweka sawasawa.

Nilimukamata Yannick, nikamuuliza yule mama ana dawa gani. "Hana dawa, mama," akasema. "Yeye iko na kiwanja." Kiwanja! Kile cha nyuma ya jengo, unakijua. Ni hapo alikuwa anapokelea wateja, anawapangia viti, anawaonyesha na mukono: hapa ndipo matanga itakaa. Ni kweli anakifagia yeye, na pembeni amepanda mboga ya lengalenga. Ni miaka mingi, mpaka sisi wote tumezoea kusema "kiwanja ya Mama Benie". Hata mimi, wateja wakiniuliza kile kiwanja ni cha nani, nilikuwa najibu ni cha mama wa chini.

Wiki iliyopita nikasikia nyundo. Nikachungulia kwa balcon, nikaona mununuzi wake, Papa Timothée, mutu wa kazi ya mashamba ya utafiti kule Yangambi. Anapigilia miti ili azungushe kiwanja na mabati. Mabati, Rachida! Niliteremka mbio, magoti nikayasahau juu. "Papa, usifunge," nikasema. "Hapa ndipo tulimulilia bwana yangu. Hapa ndipo tulimulilia mutoto wa étage ya tatu. Hii kiwanja ni ya jengo lote, kila jirani alileta simenti yake tulipoitengeneza."

Mama Benie, hajahama bado, akatoka na mwiko mukononi. "Wivu! Mama Rachida, wivu itakumaliza!"

"Wivu iko," nikamujibu, "na ukweli pia iko. Uliza kwa balcon zote." Na majirani walikuwa wamekwisha kutoka, wanaitika toka juu: ni ya wote, ni ya wote!

Papa Timothée hakukasirika. Ni mutu mutaratibu. Aliniangalia, akasema: "Mama, si wewe wa étage ya pili? Mimi nilianza kwako. Nilipenda ule upepo wa mto. Nilikuuliza fasi ya matanga, ukanijibu hakuna, kiwanja ni cha mama wa chini."

Mwanangu! Mteja wangu mwenyewe, nilimuteremsha kwa Mama Benie na mudomo wangu! Na yule mama alicheka mpaka mwiko ukamuanguka.

Alikwisha kulipa, hawezi kurudi nyuma, lakini ile miti aliing'oa. Halafu akaniahidi kuleta mwenzake wa kazi, Mama Nicole, anayetafuta fasi ya kufikia kila akitoka Yangambi. Jumamosi iliyopita huyo mama akafika na mutumbwi wa moteur. Safari hii sikumupandisha mutu mbio mbio. Nilimukalisha kwanza pale kwa kiwanja, nikamuonyesha: hapa viti, hapa bâche, hapa masufuria. Mama Benie alisimama kwa mulango wake, amefunga mudomo kama mufuko wa muhogo. Nilisikia utamu, Mungu anisamehe. Kisha tukapanda, na Mama Nicole akapenda.

Alors, tatizo ni moja. Hawezi kulipa yote mara moja. Anataka aingie na garantie kama mupangaji, kisha amalize bei pole pole. Yannick anasema nikatae, sababu commission yake pia itakuja pole pole. Yakubu anasema nikubali, tuandikishane mbele ya chef wa quartier, mukubwa wa mutaa. Mimi niko na wasiwasi. Nikikubali, huko kwenu sitanunua kanyumba, nitapanga chumba kimoja kama mwanafunzi, na vyumba vya baba yako nitamuachia mutu asiyemaliza kulipa. Nikikataa, nitakaa hapa kumungoja mwingine, na mwingine sijui kama iko.

Nilikuwa ningali ninapima, ndipo ukamuambia Yakubu kwamba Ismaël ameanza kushika viti, anataka kusimama. Basi, nimekubali. Mama Nicole anaingia mwezi ujao. Nitafutie chumba karibu nanyi, hata kidogo, mradi kisiwe juu. Siku mutoto atakapopiga hatua, nataka bibi wawili wawe wamechuchumaa mbele yake, mikono wazi, achague mwenyewe. Akienda kwa yule, nitapiga makofi. Lakini mimi nitakuwa nimeshika ndizi.

Yakubu na watoto wake wanakusalimu. Mupe Yunus salamu zangu, umukumbatie Ismaël mpaka alalamike. Musalimie pia belle-mère wako. Umuambie ninamushukuru sana, amebeba vya kutosha, aanze kupumzika.

Mungu awafunike nyote, atukutanishe kabla mutoto hajajua kukimbia.

Mimi wako nikupendaye kupita wote, hata yule wa huko,

Mama yako,
Sikujua