Mechi Tatu za Majaribio za Vendelín

Mtaa wa Mlynská 14,
Podhoraj,
Slovakia.

24 Machi 1997

Mpendwa Shangazi Otília,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kiuno kilichokusumbua wakati wa Krismasi kimepata nafuu kwenye joto la Adelaide. Sisi hatujambo. Kaka yako, yaani Baba, kikohozi kimemwachia tangu wiki ya pili ya mwezi huu, na ameanza tena kulalamikia chumvi kwenye supu, kwa hiyo najua amepona.

Kadi yako ilifika tarehe 18 Februari. Asante sana. Baba ameiweka juu ya redio na hataki mtu aiguse.

Uliuliza habari za mdogo wangu Vendelín. Nimechelewa kukujibu kwa makusudi, maana hadi Alhamisi iliyopita sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na nitakueleza kwa mpangilio.

Ulipoondoka mwaka 1968 alikuwa na miaka sita, akiteleza uani kwa viatu vya barafu vya binti wa jirani. Nimepitia madaftari yangu yote nikahesabu: misimu kumi na saba ya hoki ya kulipwa, minne kati yake Finland, michezo 611, mifupa mitano iliyovunjika. Magoli ni 38 tu. Yeye alikuwa beki, Shangazi, na beki wa aina yake hakumbukwi kwa magoli. Mpinzani akiinua gongo kupiga, mabeki wengine waligeuza uso, yeye alijilaza kwenye barafu ili kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kimpige yeye badala ya kwenda golini. Sijawahi kumsikia akijisifu kwa hilo.

Tarehe 9 Januari mwaka jana goti lilichanika, na daktari akamwambia basi. Mwaka mzima alikaa akirekebisha vitu ambavyo havikuharibika. Halafu mtangazaji wa zamani wa redio ya wilaya akastaafu, na mhariri wa michezo, Bi Kornélia Bartková, akampa Vendelín mechi tatu za majaribio. Akifaulu, kazi ni yake. Akishindwa, tarehe 1 Aprili anapanda basi kwenda Austria kupasua mbao, kama wanaume wengi wa mtaa huu. Mkewe Aranka alikwishaanza kutafuta begi.

Mechi ya kwanza ilikuwa tarehe 4 Machi. Alisahau kabisa kwamba anatangaza. Badala ya kutueleza kinachotokea, alikuwa akiwaelekeza wachezaji: "Mgeukie! Yuko nyuma yako, we kichwa maji! Nyuma yako!" Baba alicheka hadi akapaliwa. Bi Kornélia hakucheka. Alimwambia, "Bwana Vendelín, kule chini hawakusikii. Wanaokusikia wako jikoni kwao."

Mechi ya pili, tarehe 11, alieleza vizuri sana. Alituonyesha mambo ambayo mimi, niliyekaa uwanjani maisha yangu yote, sikuwahi kuyaona: mchezaji anayechoka huanza kuegemea gongo lake kabla hata hajajua kuwa amechoka. Lakini kosa lilikuwa jingine. Unakumbuka mwiko wetu: golikipa akiwa bado hajafungwa, hakuna anayetamka sifuri. Ubao unaonyesha, macho yanaona, mdomo hausemi. Siku ile tuliongoza tatu bila, na Vendelín hakutaja matokeo hata mara moja kwa theluthi mbili nzima za mchezo. Redioni, Shangazi! Wakati wa mapumziko simu ya kibanda cha utangazaji ililia, akaipokea mwenyewe. Alikuwa bibi mmoja wa kijiji cha juu.

"Mwanangu, nimekusikiliza saa nzima. Tunashinda au tunafungwa?"

"Tuko vizuri, mama."

"Vizuri kiasi gani?"

"Vizuri vya kutosha."

"Ebo! Hata daktari wangu husema zaidi ya hapo!"

Simu za malalamiko zilifika ishirini na tatu. Bi Kornélia akatoa amri kwa mechi ya mwisho: matokeo kila baada ya dakika tano, namba zote mbili, akiruka hata mara moja asirudi. Vendelín alikuja kwangu siku hiyohiyo. "Dada, wewe una saa na una subira. Kaa karibu yangu. Dakika tano zikifika, nigonge bega." Nilijua anachoniomba. Golini angekuwa Imrich Lesko, rafiki yake tangu utotoni na mwenzake wa misimu tisa, aliyebakiza mechi moja tu bila kufungwa avunje rekodi ya klabu.

Basi Alhamisi, tarehe 20, nikakaa kibandani. Tulipata goli dakika ya tatu. Dakika ya tano nikamgonga bega. Akafunga macho, akasema wazi: "Moja kwa sifuri."

Watu wengi huja uwanjani na redio ndogo masikioni. Vichwa vilitugeukia safu kwa safu. "Vendo! Una wazimu?" "Mzibeni mdomo!" Mzee mmoja akaanza kugonga benchi la mbao kuondoa nuksi, jirani yake akafuata, mara uwanja mzima ukagonga. Baba anasema kwenye redio ilisikika kama mvua ya mawe juu ya bati. Na kila nilipomgonga bega, alitamka, na wao wakagonga. Goli la pili lilipoingia, "Mbili kwa sifuri", ngurumo. Sikuruka zamu hata mara moja.

Dakika ya hamsini na saba namba kumi na saba wa wageni akafunga.

Uwanja mzima uligeukia kibanda chetu. Kisha zikaja kelele, zote zikielekezwa juu kwetu. Mkate ulirushwa ukagonga kioo. "Nenda Austria hata leo!" Vendelín aliweka midomo karibu na maikrofoni, na sauti yake haikubadilika. "Mbili kwa moja," alisema. "Na nasikia mnayosema juu yangu. Zimebaki dakika tatu, tutazame mchezo."

Tulishinda mbili kwa moja, lakini hakuna aliyetushangilia sisi wawili. Vendelín alikuwa bado hewani akifanya majumuisho tuliposikia hatua nzito kwenye ngazi. Imrich akaingia na mavazi yake yote ya golini, jasho likimchuruzika, akaujaza mlango wote.

"Nani amenifunga?" akauliza. "Wewe au namba kumi na saba?"

Nilitaka kutoka. Vendelín akamsogezea maikrofoni. "Namba kumi na saba. Lakini ulitoka golini mapema. Kwa nini?"

Imrich akamtazama, halafu akacheka kwa kuchoka. "Niliiona rekodi, sikukiona kisahani. Nilikuwa nimeshaanza kusherehekea kichwani, mpumbavu mimi." Kisha akainamia maikrofoni zaidi. "Haya, nyie mlioko nje na redio zenu. Goli ni langu. Mwacheni Vendo asome namba zake."

Chini, watu waliokuwa wakielekea milangoni walisimama. Mmoja akapiga makofi, tena kwa uvivu, kama mtu asiyetaka kuonekana. Wengine wakamfuata.

Bi Kornélia alifika baada ya taa ya hewani kuzimwa. Alisema katika miaka yake yote hajawahi kusikia golikipa akieleza kosa lake mwenyewe dakika kumi baada ya mchezo, na kwamba swali lile lingeweza kuulizwa na mtu mmoja tu wilayani. Mkataba ni wa miaka miwili. Aliongeza jambo moja tu: "Na hizo ndevu, Bwana Vendelín. Wanaofuga ndevu wakati wa mtoano ni wachezaji. Mtangazaji hana timu."

Vendelín alijishika kidevu. Alikuwa amezifuga tangu Februari, kama alivyofanya kila mtoano kwa miaka kumi na saba, na sote nyumbani tulinyamaza tusimkumbushe kwamba hachezi tena. Ijumaa asubuhi alichemsha maji, akanyoa mbele ya kioo cha jikoni, polepole, akiyazunguka makovu yake moja moja. Alipomaliza, Aranka alilirudisha begi juu ya kabati.

Baba anakusalimu sana. Aranka pia, na Imrich, ambaye anasema ukiendelea kumwita "kibonge" kama alipokuwa mtoto utamkosea sana. Wasalimie wanao, Gizela na Pavol, na wajukuu ambao bado sijawaona.

Mungu akulinde, akuzidishie siku, na akupe njia ya kurudi kututembelea miguu ikiwa bado na nguvu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye daima,

Žofia