Usiitike Mpaka Unione

Mbodze mdogo wangu,

Hujambo huko Magogoni? Bado nina kinyongo kwamba hukuja kunisindikiza, lakini hili sina mwingine wa kumwandikia.

Jana adhuhuri treni ilisimama stesheni ndogo porini, huku kusini mwa Tanzania. Mhudumu akatwambia tuna dakika arubaini, tushuke tunyooshe miguu. Nikapiga hesabu: hatua sitini hadi kwa muuza ndizi za kuchoma, sitini kurudi, muda tele. Ndizi ingali ya moto mkononi, nikasikia nyuma ya ghala, "Kadzo! We Kadzo!" Sauti ya mama, tuliyemzika Mwakirunge mimi na wewe, na hasira zake zile zile. Mdomo ukajibu wenyewe: "Abee, mama!"

Nilijua nimepiga hatua mbili tu. Kumbe nimelipita ghala, na muuza ndizi ananikimbilia, akanidaka kanga.

"Dada, unamwitika nani? Hapa hajaita mtu. Na treni yenu hiyo inaondoka!"

Saa yangu ilisema zimepita dakika thelathini na nane. Ndizi ilikuwa baridi.

Ulinionya siku zote nisiitike nisiyemwona, nami nikakucheka. Sasa tangu jana nasikia behewa la nyuma mtu akisema "Abee, mama," kwa sauti yangu mimi.

Narudi Jumapili ya mwisho wa mwezi. Ukisikia nakuita mlangoni kabla ya hapo, nyamaza. Hata Jumapili yenyewe, mpenzi wangu, chungulia dirishani kwanza.

Dadako,
Kadzo